Kabla ya Kukubali Mkataba: Nani Atabeba Gharama ya Ugonjwa?

SOMO LA VIKUNDI VYA WAFANYAKAZI

Lengo: Mwisho wa somo hili kikundi kiweze kusoma pendekezo la mkataba wa kazi, kupima mambo ya matibabu yaliyomo, na kwenda kwenye mkutano wa chama kikiwa na maswali ya maana.

Muda: Saa mbili, au mikutano miwili ya saa moja moja.

Mnachohitaji: Nakala ya mkataba wa sasa, nakala ya pendekezo jipya, karatasi ya mshahara ya mtu mmoja aliye tayari kuionyesha, kalamu na daftari.



Katika kazi nyingi zenye chama, kila baada ya muda fulani viongozi wa chama huketi na mwajiri kuzungumza juu ya mkataba wa pamoja, ule ambao wengi wetu tunauita CBA. Siku ya kuwasomea wafanyakazi pendekezo ikifika, watu hungojea neno moja tu: nyongeza ni asilimia ngapi? Ikitajwa sita au saba, makofi yanapigwa. Kurasa za nyuma zinasomwa haraka, watu wakitazama saa kwa sababu gari la mwisho linaondoka.

Kumbe mara nyingi ni katika kurasa hizo za nyuma ndipo matibabu yamepunguzwa. Mkono mmoja umetoa, mkono mwingine umerudisha mfukoni. Hatusemi kila mwajiri ni mwizi, wala kwamba kila pendekezo likataliwe. Tunasema tu kwamba usikubali kitu usichokihesabu, na usikatae kitu usichokihesabu.

Ili tujifunze vizuri, tuanze na jambo lililotokea kweli mbali na hapa, ambalo lilikwisha na matokeo yake yanajulikana. Halafu turudi nyumbani na daftari letu.

1. MAMBO YALIYOTOKEA CALIFORNIA

Huko Marekani hakuna bima moja ya serikali kwa watu wote. Wazee wenye miaka 65 na zaidi wana mpango wao, na maskini kabisa wana wao. Lakini watu wengi wenye umri wa kufanya kazi hupata bima ya matibabu kupitia kwa mwajiri. Kwa hiyo ukipoteza bima ya kazini, wewe na watoto wako mko hatarini.

Mwaka wa 2003 wafanyakazi wa maduka makubwa ya vyakula kusini mwa California walikuwa na bima nzuri. Hawakukatwa chochote kwenye mshahara kwa ajili yake. Mkataba wao ulipokuwa ukiisha, kampuni tatu, yaani Safeway yenye maduka ya Vons, Kroger yenye Ralphs, na Albertsons, zilileta pendekezo jipya. Miongoni mwa mambo mengine, lilisema hivi:

(a) Mfanyakazi aanze kuchangia bima: dola 5 kwa wiki kwa mtu mmoja, dola 15 kwa wiki kwa familia.

(b) Pesa ambazo kampuni inatia katika mfuko wa matibabu ziwekewe kikomo. Gharama za hospitali zikipanda kupita kikomo hicho, kampuni haitaongeza.

(c) Watakaoandikwa kazi baada ya mkataba huo walipwe kwa ngazi ya chini, na kampuni iwatilie pesa kidogo zaidi katika matibabu kuliko wenzao wa zamani.

Tuwe wakweli, kampuni nazo zilikuwa na hoja. Gharama za bima zilikuwa zikipanda vibaya. Mwaka huo wa 2003 bei ya bima inayotolewa na waajiri Marekani ilipanda kwa karibu asilimia 14. Tena Wal-Mart, kampuni kubwa isiyo na chama na yenye mishahara ya chini, ilikuwa imetangaza kwamba itafungua maduka makubwa 40 yenye vyakula katika jimbo hilo. Kampuni zikasema: tusipopunguza gharama, tutashindwa kwenye soko.

Watu wengi wa nje waliposikia, walishangaa. Dola tano tu kwa wiki? Hiyo si bei ya chakula cha mchana? Watu wanagomea hicho?

Hapo ndipo somo letu lilipo. Dola tano hazikuwa shida kubwa. Shida ilikuwa ni (b) na (c). Kikomo kilikuwa na maana kwamba mzigo wa bei za kesho unahamishwa kutoka bega la kampuni hadi bega la mfanyakazi. Leo ni dola tano. Mwaka kesho, hospitali zikipandisha bei, hakuna ajuaye. Na ngazi mbili zilikuwa na maana kwamba walio kazini wangelinda bima yao kwa kutoa bima ya watu ambao bado hawajaandikwa, watu wasiokuwa na kura katika mkutano ule.

Wafanyakazi walipopiga kura, walikataa pendekezo kwa wingi mkubwa sana. Mgomo ulianza tarehe 11 Oktoba 2003 katika maduka ya Safeway. Siku iliyofuata kampuni zile nyingine mbili zikawafungia nje wafanyakazi wao. Jumla yao wote ilikuwa karibu watu 60,000, na maduka zaidi ya 850.

Mgomo ulichukua siku 141. Wateja wengi waliwaunga mkono, wakaenda kununua kwingine, na kampuni zikapoteza mauzo ya pesa nyingi sana. Hata hivyo hazikuanguka. Zilikuwa na maduka katika majimbo mengine yanayoendelea kuleta faida, na zilikuwa zimepatana zenyewe kusaidiana wakati wa mgomo. Mfanyakazi yeye hakuwa na duka lingine. Alikuwa na posho ya mgomo, nayo ilipunguzwa mgomo ulipozidi kurefuka. Kodi ya nyumba haikungoja. (Baadaye, mwaka wa 2006, Ralphs ilikiri mahakamani kwamba iliwarudisha kazini kwa siri baadhi ya watu iliyowafungia nje, wakitumia majina ya uongo, ikatozwa faini na fidia za mamilioni ya dola.)

Mwishoni mwa Februari 2004 wafanyakazi walipigia kura mkataba wa kumaliza mgomo. Asilimia 86 walikubali. Walikubali nini? Wafanyakazi wa zamani walibaki na bima yao, bila kukatwa kwa miaka miwili ya kwanza. Hawakupata nyongeza ya mshahara, walipewa tu malipo ya mara moja. Lakini ngazi mbili ziliingia. Mtu mpya aliwekwa kwenye mshahara wa chini, akangoja mwaka mzima kabla ya kupata bima yake, na miezi 30 kabla ya watoto wake kuingia.

Hebu fikiria duka moja, mashine mbili za kulipia, watu wawili wamesimama bega kwa bega wakifanya kazi ile ile. Mmoja mtoto wake akiugua ana kadi, mwingine hana. Watu wa namna hiyo watasimama pamoja vipi siku chama kikiwaita? Wapya hawakukaa, waliacha kazi kwa wingi, na wa zamani wakawa na hofu kwamba kampuni inatafuta njia ya kuwatoa ili iweke wa bei rahisi. Mkataba uliofuata, wa Julai 2007, uliondoa ngazi mbili za mishahara na kupunguza muda wa kungoja bima hadi miezi 6. Kilichotolewa mwaka wa 2004 kilirudishwa kwa sehemu tu, na baada ya miaka mitatu ya shida.

2. TUNAJIFUNZA NINI?

Tunajifunza kwamba pendekezo lolote la matibabu tuliulize maswali matatu.

Swali la kwanza: Ninakatwa ngapi leo? Hili ndilo watu wote huuliza. Ni muhimu, lakini ndilo dogo kuliko yote.

Swali la pili: Bei zikipanda kesho, nani atalipa tofauti? Tafuta maneno kama "kikomo", "hadi", "kisichozidi", "asilimia ya bili". Mwenzangu, usicheze na neno "hadi". Bima ya "hadi Sh50,000" iliyoandikwa miaka minne iliyopita bado inasomeka Sh50,000, lakini haikununulii matibabu yale yale.

Swali la tatu: Nani hayumo mkutanini, na mkataba unamfanyia nini? Hawa ni vibarua, watakaoandikwa mwaka ujao, mama aliye likizo ya uzazi, mtoto mwenye ugonjwa wa muda mrefu, na mtu anayekaribia kustaafu.

3. TURUDI HAPA KENYA

Sheria yetu si ya California, kwa hiyo tusinakili mambo ovyo. Haya ndiyo ya kujua.

Katiba ya 2010, kifungu cha 41, inampa kila mfanyakazi haki ya kujiunga na chama na kugoma, nacho chama na mwajiri haki ya kujadiliana kwa pamoja. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 inasema CBA inaanza kuwa na nguvu ikisajiliwa na Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Ikisajiliwa, yaliyomo yanakuwa sehemu ya mkataba wa kila mfanyakazi anayehusika. Inawabana wote ambao chama kinaweza kuwawakilisha kwa mwajiri huyo, hata asiye mwanachama. Kwa hiyo ukikubali kwa niaba yako, umekubali pia kwa niaba ya jirani yako.

Sheria hiyo hiyo inamtaka mwajiri ampe chama habari zinazohitajika ili mazungumzo yawe ya haki. Kifungu hiki wengi hawakitumii. Mwajiri akisema "matibabu yametushinda", jibu si kelele. Jibu ni: tuonyesheni. Mwaka jana mlilipa bima kiasi gani? Mwaka juzi je? Ni wafanyakazi wangapi waliotumia? Ni hospitali gani zinazotoza bei ya juu? Pengine mtaona kwamba anasema kweli, na kwamba kubadilisha hospitali kutaokoa pesa kuliko kupunguza watoto katika kadi.

Kuhusu mgomo, ni haki lakini una utaratibu. Mzozo uripotiwe, upatanishi ufanywe kwanza, na notisi ya siku 7 itolewe kwa maandishi. Tena mwajiri halazimiki kulipa mshahara wa siku za mgomo. Hizo siku 141 za California tuzikumbuke.

Sasa kuna jambo jipya ambalo linachanganya watu. Tangu Oktoba 2024, NHIF haipo tena. Kila mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote kwa ajili ya bima mpya ya SHA, na kiwango cha chini ni Sh300 kwa mwezi. Zamani katika NHIF hata mwenye mshahara mkubwa hakukatwa zaidi ya Sh1,700. Mwajiri anawasilisha pesa hizo, lakini hatii zake juu yake. Ni zako zote.

Kwa nini tunasema haya? Kwa sababu mwajiri anaweza kuja mezani akasema, "Sasa mna SHA, bima ya kampuni ya nini tena?" Jibuni kwa heshima: SHA tunailipia wenyewe, na tulikuwa na NHIF hata wakati kampuni ilipokubali kutupa bima. Hicho si kitu ambacho kampuni imetupa, kwa hiyo hakiwezi kuwa malipo ya kile inachotaka kuchukua. Kama anataka bima ya kampuni ianzie pale SHA inapoishia, hilo laweza kuzungumzwa. Lakini liandikwe wazi, na kiasi anachookoa kionekane mahali pengine katika mkataba.

Jambo lingine: mtu akiumia kazini, matibabu yake ni juu ya mwajiri chini ya sheria ya fidia ya majeraha ya kazi ya 2007. Yasikatwe kutoka katika kikomo cha bima ya familia. Chunguzeni pendekezo lisichanganye haya mawili.

4. TUFANYE HESABU

Huu ni mfano wa kujifunzia, si wa kampuni yoyote. Tuseme mfanyakazi anapata Sh20,000 kwa mwezi. Pendekezo linasema: nyongeza ya asilimia 6, matibabu ya familia yakatwe Sh500 kwa mwezi, na mfanyakazi alipe asilimia 20 ya kila bili ya kulazwa. Kabla ya hapo hakukatwa wala hakulipa chochote.

Nyongeza ni Sh1,200 kwa mwezi. Lakini nyongeza nayo inakatwa: SHA asilimia 2.75 ni Sh33, ada ya nyumba asilimia 1.5 ni Sh18, NSSF asilimia 6 ni Sh72. Jumla ya makato ni Sh123. Zinabaki Sh1,077 kwa mwezi, yaani Sh12,924 kwa mwaka.

Makato ya matibabu ni Sh500 mara miezi 12, yaani Sh6,000. Zinabaki Sh6,924.

Familia ambayo mwaka huo haikulazwa hospitalini imepata Sh6,924. Si mbaya. Sasa jirani yake, mke wake amelazwa mara moja, bili ni Sh60,000. Asilimia 20 ni Sh12,000. Ukitoa zile Sh6,924, huyu amerudi nyuma Sh5,076. Kwake yeye, mkataba wa "nyongeza ya asilimia 6" ulikuwa mkataba wa kupunguziwa.

Na hapo hatujataja bei ya unga. Kama bei za vitu zimepanda kwa asilimia 5 mwaka huo, basi katika Sh1,200, Sh1,000 ni za kukufikisha tu pale ulipokuwa mwaka jana.

Angalieni jambo moja zaidi. Familia zote mbili zilipiga kura ile ile, na siku ya kura hakuna iliyojua ni ipi itakayougua. Ndiyo maana bima ikaitwa bima: mzigo mkubwa wa mtu mmoja unagawanywa kwa watu wengi ukawa mdogo. Asilimia 20 ya bili inafanya kinyume chake. Inamtoza zaidi yule aliyeugua, tena wakati hana nguvu ya kufanya hata kibarua cha jioni.

5. KAMA LAZIMA KITU KITOLEWE

Kuna wakati kampuni kweli ina shida, na chama chenye busara kinakubali kutoa kidogo ili kazi zibaki. Hapo swali si kama mtatoa, bali mtatoa nini. Tunashauri mpangilio huu:

Kwanza, afadhali makato madogo yanayojulikana kuliko asilimia ya bili isiyojulikana. Sh300 kwa mwezi unaweza kuipangia. Asilimia 20 ya bili huwezi.

Pili, kama asilimia haikwepeki, iwekewe kikomo upande wa mfanyakazi pia. Kwa mfano: asilimia 10, lakini mtu asilipe zaidi ya Sh5,000 kwa mwaka wote. Mwajiri akitaka kikomo chake, na nyinyi mtake chenu.

Tatu, kilichotolewa kiwe na tarehe ya kurudi. Andikeni kwamba kipengele hiki kitaangaliwa upya baada ya miezi 12, na hesabu za bima ziletwe mezani.

Nne, msiuze wasiokuwapo. Mkikubali wapya wapewe matibabu duni, mnajenga ukuta katikati yenu wenyewe. Kuhusu vibarua, Sheria ya Ajira ya 2007 inasema kibarua aliyefanya kazi siku mfululizo zinazofikia mwezi mmoja, au aliyepewa kazi isiyoweza kwisha kwa miezi mitatu, huhesabiwa kama wa kulipwa kwa mwezi. Ulizeni mkataba unawaweka wapi watu hao.

Tano, wekeni maneno ya mdomo kwenye karatasi. "Tutawasaidia mkipata shida" si kipengele cha mkataba. Meneja aliyeahidi anaweza kuhamishwa kesho.

Na viongozi wa chama, neno kwenu: watu wapewe pendekezo mapema, kwa lugha wanayoielewa, angalau siku kadhaa kabla ya mkutano. Katiba ya chama chenu ndiyo inayoonyesha namna ya kuamua, lakini hakuna katiba inayokataza mwanachama kusoma. Kiongozi anayeficha kurasa za nyuma anajitafutia taabu. Siku ya kwanza mtu atakapokataliwa pale dirishani hospitalini, ukurasa huo utasomwa tu.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Someni mkataba wenu wa sasa. Matibabu yameandikwa kwa maneno gani? Kuna kikomo? Kiliwekwa mwaka gani?

2. Fanyeni hesabu ya sehemu ya 4 mkitumia karatasi ya mshahara mliyoleta na pendekezo lenu. Nani kati yenu anapata? Nani anarudi nyuma?

3. Mngekuwa California Februari 2004, baada ya zaidi ya miezi minne bila mshahara, mngepiga kura gani? Kila mtu atoe sababu yake, na asichekwe.

4. Tajeni watu watatu wanaoguswa na mkataba wenu lakini hawatakuwa mkutanini. Nani atawasemea?

5. Andikeni maswali matatu ya kumpelekea mwajiri kupitia kwa chama, kuhusu gharama za bima. Mchagueni mtu mmoja wa kuyapeleka, na tarehe ya kuleta majibu.

Kikundi kikimaliza swali la tano, somo limefaulu hata kama mengine hamkuyafikia. Mkutano ujao anzeni na majibu hayo kabla ya jambo lingine lolote.